Mlangilangi na Papa wa Kilindini

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Mmekula kweli nyinyi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hasa, kabla babu ya babu yangu hajaota jino, kijiji kimoja kilikuwa na bibi mwenye busara, Bi Kirembwe. Maneno yake yalikuwa machache, na watu walimwogopa kwa hayo.

Siku moja Mize, binti wa Mzee Makame, alikuwa anaolewa na Vuai, mwana wa Mzee Fumu. Pilau iko jikoni. Ngoma zinalia, ndu! ndu! ndu! Mara kukazuka swali: katika wimbo wa harusi, nyumba gani itajwe kwanza?

"Yetu!" akasema Makame. "Sisi tuna mlangilangi. Ukichanua, mtaa mzima unanukia."

"Sisi tuna papa wa kilindini," akasema Fumu. "Ana meno mia tatu!"

"Mlangilangi una haja gani ya meno?"

"Na papa ana majani gani ya kufagiliwa kila asubuhi?"

"Kwanza nani amewahi kumwona huyo papa wako?"

"Hakuna! Ndio ukubwa wake huo!"

Ngoma zikanyamaza. Harusi ikasimama. Mize, ndani, hina mikononi, akalia kwi, kwi, kwi. Desturi yao, bibi harusi hasemi.

Bi Kirembwe akaitwa. Akasema, "Kawaulizeni wenyewe."

Wakaenda! Watu wazima na ndevu zao! Makame akaukumbatia mti: "Eti, nani mkubwa?" Kimya. Fumu akajitosa baharini, chubwi! "Papa, nani mkubwa?" Blu, blu, blu. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu wakarudi, Fumu na kikohozi, Makame na siafu ndani ya kikoi.

"Mti umesemaje?" akauliza Bi Kirembwe.

"Umeniangushia ua kichwani."

"Na papa?"

"Nimemeza maji tu, bibi."

"Na Mize je, amesemaje?"

Mti waliuuliza. Papa walimwuliza. Mize hakuna aliyemwuliza. Mimi nikifika hapa huona aibu, utadhani wazee wale ni baba zangu.

Bi Kirembwe akafungua mlango. Mize akatoka, macho yamevimba.

"Namtaka Vuai," akasema. "Leo. Wimbo imbeni wowote, au msiimbe."

Akaolewa jioni ile ile. Pilau ilikwisha chacha, wakala ndizi.

Basi jamani, mkishindana, mwulizeni kwanza anayelia ndani. Hadithi yangu imekoma hapo, nami nimenyamaza.