Bakuli la Zimwi Siku ya Idi

Sogeeni, wanangu, mwenye usingizi amwegemee mwenzake, tuingie nganoni.

Hapo kale Bi Tabu alipika pilau ya Idi mlango ukiwa umefungwa, jirani wasije wakaonja. Zimwi likabisha hodi, likausukuma mlango, likaingia na bakuli mkononi.

"Lijaze, bibi. Lisipojaa, nakumeza."

Bi Tabu akatia upawa wa pilau; bakuli likabaki tupu. Akamimina sufuria nzima, tupu. Akakwangua na ukoko, tupu vilevile! Zimwi likalamba midomo.

"Chumvi ninayo," likasema.

"Jirani zangu, nakufa!" Bi Tabu akapiga ukelele.

Jirani yake, Bi Mafunda, akaja mbio na sahani ya kaimati. "Leo umetukumbuka, shoga?" akamtania, akazimimina bakulini. Zikabaki! Jirani wa pili akatia sambusa, zikabaki. Wa tatu akatia mkate wa kumimina, bakuli likafurika. Kumbe bakuli lile halijazwi na mkono wa mtu mmoja.

Zimwi likala, likashiba, likacheua.

Bi Tabu akazitazama sahani za wenzake, akaona haya, maana sahani ya jirani hairudishwi tupu. Akaingiza upawa bakulini, na pilau yake ikatoka yote, ingali ya moto. Akazijaza sahani, wakala pamoja kwa vicheko.

"Na mimi?" likauliza zimwi.

"Wewe umeshakula, babu," akajibu Bi Mafunda. "Shika sufuria, kaoshe."

Likaosha, wanangu, mpaka ikang'aa. Nami ngano yangu naiacha hapo, mlango wazi.