Kapu la Zaka ya Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa milimani walikuwa na parokia yao. Paroko alikuwa Nyati. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Fisi, naye ndiye aliyekusanya zaka nyumba kwa nyumba.

Asiyetoa zaka, akifa hakupigiwa kengele wala hakuchimbiwa kaburi. Aliwekwa nje ya ua wa kanisa mpaka nduguze walipe. Kukicha, hayupo.

"Malaika wamemchukua," Fisi alisema.

Basi Mama Pimbi akafa, baada ya kuugua masika yote. Binti yake, Skolastika, akakimbia kwa Fisi.

"Shikamoo, mwenyekiti. Mama amefariki. Naomba kengele."

"Marahaba. Pole, binti. Kadi yake ya zaka iko wapi?"

"Hakutoa mwaka huu. Alikuwa kitandani, hakulima."

"Basi hana kengele. Mlete nje ya ua." Fisi akameza mate. Gluk!

Skolastika aliliona lile koo likipanda na kushuka. Akaelewa walikokwenda wale wengine. 

"Na nikitoa kitu kwenye mnada wa kanisa kwa jina lake?"

"Kikinunuliwa, ni zaka. Lakini wewe una nini, mawe? Hi-hi-hiii!"

Skolastika akamficha mama yake kwenye ufa wa mwamba. Jumapili, baada ya misa, akaleta mnadani kapu lililoshonwa mdomo.

"Zaka ya mama yangu," alisema. "Atakayelinunua ndiye atakayelifungua."

Fisi akasogea. Fu! Fu! Fu! Akanusa. Macho yakamtoka.

"Mbuzi mmoja!"

"Ehee! Mwenyekiti kanogewa," Chui akacheka. "Wawili!"

"Watatu! Na gunia la mahindi!" Fisi akapaza sauti.

"Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu!" Ngiri, mnadishaji, akapiga kwato. Po!

Skolastika akamgeukia Nyati. "Baba Paroko, zaka ya mama imetimia?"

"Imetimia na kuzidi, binti."

"Basi naomba kengele."

Ngo! Ngo! Ngo! Kina mama wakamfuata Skolastika mwambani, wakarudi na maiti mabegani. Fisi akaganda.

"Huyo nani?"

"Mama yangu."

Fisi akararua kapu. Kraa! Ndani mlikuwa na kitenge tu, sare ya kina mama wa parokia, kile alichokuwa amevaa Mama Pimbi alipokufa, kikinuka mauti.

"Nimeibiwa! Nirudishieni mbuzi wangu!"

"Kwani ulidhani umenunua nini, mwenyekiti?" Skolastika aliuliza taratibu.



Swala, ambaye baba yake aliwekwa nje ya ua wakati wa kiangazi, akasogea mbele. "Jibu, mwenyekiti."

Fisi akafyata mkia, akarudi nyuma.  Nyati akainamisha pembe, maana kanuni ile aliitunga yeye.

Mama Pimbi akazikwa. Kisha Swala akachukua jembe, akatoka nje ya ua kutafuta mifupa. Wengi wakamfuata.

Wanangu, anayemnyima maiti kaburi kwa ajili ya zaka, mtazameni kwanza meno.