Asiyeshuka Haulizwi

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika nchi ya Khorasani palikuwa na mja mwema aitwaye Sahl bin Marzuban, mchimba mifereji ya chini ya ardhi. Nchi ile ni kavu. Maji yake yako mlimani, nayo huletwa vijijini kwa njia iliyochimbwa chini kwa chini, mwendo wa nusu siku, na kila baada ya hatua hamsini hutobolewa kisima cha kushukia mtu na kutolea udongo. Wachimbaji walishuka wamevaa nguo nyeupe, ili udongo ukiwaangukia wawe wamekwisha kuvikwa sanda.

Nao walikuwa na desturi yao. Mchimbaji akifika mdomoni mwa kisima asubuhi akasema, "Leo sishuki," basi hashuki. Haulizwi sababu, hasemwi, wala riziki yake ya siku haiguswi. Hubaki juu akavuta kamba pamoja na wenzake.

Msimamizi wao alipofariki, liwali alimteua Sahl, kijana wa miaka ishirini na minane. Tuseme kweli, watu walimtarajia Mihran. Huyu alikuwa amechimba miaka thelathini na mkono wake haukuwa na mfano, ila ulimi wake ulikuwa mchungu kama shubiri, na liwali hakupenda watu wa kumjibu. Sahl aliyajua hayo na yalimkereketa. Isitoshe, alipewa sharti: mfereji ulioanzwa na marehemu ukamilike na maji yafike kijijini ndani ya siku arobaini, kabla ya ngano kupandwa, la sivyo atatafutwa msimamizi mwingine.

Siku ya tatu Mihran alifika kisimani, akachungulia, akasema, "Leo sishuki."

Sahl alipandwa na hasira. Alidhani anapimwa. Nami simlaumu sana, maana ni nani kati yetu hajapewa cheo kidogo akaanza kusikia dharau hata katika kikohozi cha mtu? Akasema mbele ya watu wote, "Kaka Mihran, kama ni uzee, sema ni uzee. Tutakupa kazi ya kuchunga punda."

Watu wakainamisha vichwa. Mihran hakujibu, na kwa mtu yule kutojibu lilikuwa jambo geni. Akajifunga kamba, akapiga bismillahi, akashuka. Alichimba hadi alasiri, akapanda salama, akaenda zake nyumbani.

Kisima hakikuporomoka. Hapo ndipo ulipo mtihani, ndugu zangu, kwani kingeporomoka, Sahl angejuta siku ileile. Kwa kuwa hakikuporomoka, alijiona ameshinda. Tangu hapo hakuna aliyesema tena kwamba hashuki. Kila alichoamuru aliitikiwa, "Sawa, msimamizi," na kazi ikaenda mbio.

Sahl aliishi na mama yake, Bi Mahasti, mjane wa mchimbaji. Siku moja baada ya Magharibi alimweleza kwa furaha jinsi watu wake walivyonyooka. Mama akamwuliza, "Leo wamekuambia nini?"

"Wameniambia sawa."

"Na jana?"

"Sawa."

Bi Mahasti akaweka kando sufu aliyokuwa akisokota. "Mwanangu, marehemu baba yako alikuwa akirudi hapa na maneno ya watu kumi. Huyu kaona mchanga, yule kasikia maji, mwingine kagombana na mkewe na mikono inamtetemeka. Wewe unaniletea neno moja kutoka kwa watu kumi. Mimi naogopa."

Asubuhi iliyofuata Sahl alivaa nguo nyeupe akashuka mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipopewa usimamizi. Akatembea ameinama, taa ya mafuta mkononi, huku akipapasa dari kwa kiganja. Mahali fulani kiganja kikalowa. Palikuwa na ufa wa urefu wa mkono, nao ulikuwa umekwisha kuzibwa kwa mawe na kupakwa tope kwa ustadi mkubwa. Akaelewa kwamba kuna mtu aliyeuona kabla yake.

Alipopanda aliwauliza watu wake, "Nani ameuona ufa?"

Bakran, mpole kuliko wote, akasema, "Tumeuona sote. Huu ni wa siku nne."

"Na hamkuniambia?"

"Hukutuuliza tumeona nini, bwana. Ulikuwa ukituuliza tumefika wapi."

Sahl akaketi palepale juu ya lundo la udongo. Aliona aibu kuu, kwa sababu alijua kwamba siku nne nzima watu kumi walikuwa wakipita chini ya kifo huku yeye akihesabu hatua. Hakuwakaripia. Aliinuka akamwendea Mihran, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nilikuaibisha mbele ya watu, basi mbele ya watu nakuomba radhi. Desturi niliyoivunja irudi kama ilivyokuwa."

Mihran akamtazama. "Nimekusikia. Lakini usiutegemee msamaha wangu leo, bado panauma."

Walisimamisha uchimbaji siku sita, wakategemeza dari kwa pete za udongo wa kuchoma, pana kiasi cha kupita mtu. Siku hizo hazikufidika. Hata hivyo, ndimi zililegea kidogo kidogo. Kila asubuhi Sahl aliuliza wameona nini, naye akajifunza kunyamaza mpaka mtu amalize kusema, hata kama mtu huyo ni Mihran.

Siku ya thelathini na tisa ulibaki ukuta wa mwisho, ambao nyuma yake maji yalikuwa yamejaa. Kuutoboa ni kazi ya mtu mmoja, na ni Mihran pekee aliyepata kuifanya. Mjumbe wa liwali alikuja juu ya nyumbu wake ili ashuhudie. Mihran akachungulia kisimani, akasema, "Leo sishuki."

Mjumbe akacheka. "Mtu mmoja ndiye amzuilie liwali maji? Muulize sababu!"

Watu wote wakamgeukia Sahl. Aliiona kazi yake ikimponyoka, akamwona na mama yake akirudi kusokota sufu za watu kwa ujira. Shetani naye akamnong'oneza kwamba huyu analipiza kisasi tu, na huenda ilikuwa kweli, kwani Sahl hakuwa na njia ya kujua. Akamwomba Mola wake subira.

"Hapa asiyeshuka haulizwi, bwana," akasema. "Kaka Mihran, keti upumzike."

"Basi mshushe mwingine!"

"Anayejua amekataa. Kwa haki gani nimshushe asiyejua?"

"Nitaandika kwamba Mihran ndiye aliyechelewesha kazi."

"Andika jina langu. Mimi ndiye niliyemruhusu."

Mjumbe akaandika, akaondoka. Kesho yake Mihran alikataa tena. Siku ya tatu alifika mapema, akajifunga kamba bila kuambiwa, na kabla ya Adhuhuri walimvuta juu akiwa ameloa mpaka kifuani, anacheka, kitu ambacho wengi wao hawakupata kukiona. Maji yakatambaa polepole katika mfereji mkavu, yakafika kijijini siku ya arobaini na tatu. Wakulima walikuwa wamesubiri, wakapanda ngano yao, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu ikaota.

Lakini liwali hakubadili neno lake. Alimwondoa Sahl, akamteua Mihran badala yake, licha ya ulimi wake, kwa kuwa ndiye aliyeyatoa maji, na kuamuru uanzwe mfereji wa kijiji cha pili. Sahl akapokea kwa kusema Alhamdulillahi, akarudi kwa mama yake.

Asubuhi ya kuanza kazi, mjumbe akiwepo, Mihran alichungulia kisima kipya, akasema, "Leo sishuki." Bakran akamfuata, "Leo sishuki." Wakafuatana hivyo mmoja baada ya mwingine mpaka wakatimia kumi, na kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku ya nne mjumbe alifungua kinywa awaulize sababu, akakumbuka, akakifumba. Akageuza nyumbu wake akaenda kwa liwali, na kabla ya jua kuchwa Sahl alikuwa amerudishiwa usimamizi wake.

Siku iliyofuata alisimama mdomoni mwa kisima, akawasalimu, akauliza, "Haya, ndugu zangu, mmeona nini?" Wakaanza kusema wote kwa pamoja, na Mihran ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza.

Basi nawe uliyekabidhiwa watu juzi, iwe ni dukani, ofisini au kwenye ujenzi, mcheleweshe kidogo yule unayemwuliza kazi imefika wapi, umwulize na alichokiona. Na siku atakapokuambia usilolitaka, mshukuru kabla hujamjibu. Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wasiotufunga vinywa, na sisi tukiwa viongozi, asitufunge masikio.