Pimbi na Ukuta wa Kujaribia Rangi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba za udongo na kuzikandika kwa mikono yao wenyewe, aliishi Pimbi mmoja, fundi wa rangi. Alikuwa mdogo, angeweza kulala ndani ya kapu na nafasi ikabaki. Lakini alikuwa mwepesi! Ukimwona chini ya ukuta, ukipepesa jicho tu, huyo, yuko juu kwenye paa na brashi mdomoni.

Tulieni sasa, wajukuu zangu. Anayetaka kukohoa akohoe. Hadithi hii ni ya mtu aliyechoka, na habari za mtu aliyechoka hazisimuliwi kwa kelele.

Rangi zake Pimbi alizipata mlimani, kwenye miamba. Alisaga mawe mekundu, akatwanga mizizi ya manjano, akaloweka majani ya mnili mpaka maji yakawa ya samawati. Kwa hiyo mikono yake haikuwa na rangi yake yenyewe. Leo ilikuwa myekundu, kesho ya manjano, na mama yake alizoea kuuliza, "Leo umeshinda kwenye rangi gani, mwanangu?"

Mwanzoni kazi haikuwa nyingi. Katika nchi ile kila nyumba ilipakwa chokaa, nyeupe ndani na nje, na hakuna aliyekosa usingizi kwa sababu hiyo.

Kisha akaja Kasuku kutoka mijini.

"Kwaa! Kwaa!" alipiga kelele mtini. "Bado mnaishi ndani ya kuta nyeupe, kama kiini cha yai? Masikini! Huko nitokako, mtu wa kisasa ana ukuta mmoja wa rangi kali. Mmoja tu! Mgeni akiingia, macho yanamruka!"

"Rangi gani hiyo?" aliuliza Bi Kiboko, akitoa kichwa majini.

"Nyekundu! Nyekundu ya pilipili iliyoiva!"

Bi Kiboko alikuwa na nyumba kubwa kando ya mto. Jirani yake alikuwa Bwana Kifaru, mwenye nyumba kubwa pale mbugani. Hawa wawili walisalimiana kwa midomo na kupelelezana kwa macho. Mmoja akitandika mkeka, mwenzake alitafuta mkeka mrefu zaidi.

Siku hiyohiyo nchi ilitikisika. Ti! Ti! Ti! Bi Kiboko akafika kwa Pimbi.

"We Pimbi! Njoo unipakie ukuta mwekundu. Na upesi, kabla yule mwenye pembe hajasikia!"

Pimbi akaenda, akapaka. Kabla rangi haijakauka, mwenye pembe alishasikia. Ti! Ti! Ti!

"We Pimbi! Wangu uwe mwekundu kuliko wa Kiboko!"

Akaenda, akapaka. Ujira wake ulikuwa makombo ya chakula na neno moja: "Utarudi."

Kweli alirudi. Kasuku alikwenda mijini, akaja na habari mpya. "Kwaa! Nyekundu? Nyekundu imepitwa na wakati! Sasa ni manjano!" Pimbi akakwangua nyekundu, akapaka manjano. Kasuku akaja tena. "Kwaa! Manjano ni ya washamba! Sasa ni samawati, na mapazia na mito ifanane na ukuta!" Pimbi akakwangua manjano, akapaka samawati, akachovya mapazia, akachovya mito.

Watoto, kupaka rangi kuna raha yake kidogo. Kukwangua ndiko kunakoua. Vumbi linaingia puani, mabega yanawaka moto, na unachokiondoa ni kazi yako mwenyewe ya juzi.

Wakati huohuo, kwake Pimbi mambo yalikuwa mabaya. Alikuwa na kibanda kifupi kwenye miamba, yeye na mama yake mzee. Masika yaliyopita ukuta wa nyuma ulianguka, puu! Paa nalo likatoboka. Pale penye ukuta Pimbi alitundika jamvi kuukuu, akasema atajenga akipata nafasi. Nafasi hakuipata. Upepo uliingia chini ya jamvi, na mama yake akalala akikohoa, kho! kho! kho!

Mawingu yalipoanza kujikusanya tena upande wa milimani, Pimbi alimwendea Bi Kiboko.

"Bibie, naomba ruhusa. Masika yanakaribia. Nina ukuta wa kujenga nyumbani, na mama yangu anaumwa kifua."

Bi Kiboko alikuwa akijipanga kwenye mito yake ya samawati. "Ukuta wenyewe una rangi gani?"

"Hauna rangi, bibie. Haupo."

"Basi kama haupo, hauna haraka."

Akamwendea Bwana Kifaru. Huyu hakuinua hata kichwa. "Ukiondoka kabla hujamaliza mapazia yangu, nitakuja kukisalimia hicho kibanda chako kwa pembe hii. Kuta zilizobaki nazo utazitafuta."

Pimbi akarudi kazini. Alipanda juu ya ukuta wa Kifaru, akachovya brashi, akainua mkono. Mkono ukakataa. Macho yakajifunga yenyewe, na fundi yule mwepesi, ambaye hajawahi kuteleza hata kwenye mwamba wenye ukungu, akaanguka kutoka juu. Chubwi! Ndani ya chungu cha rangi.

Kifaru akacheka mpaka kuta zikatikisika. "Toka humo! Unanimalizia rangi yangu!"

Na pale dirishani, Kasuku akatua. "Kwaa! Kwaa! Samawati? Bado mko kwenye samawati? Sasa ni zambarau!"

Pimbi alisikia neno hilo akiwa bado amekaa ndani ya chungu. Alitoka, akajikung'uta, akaenda zake nyumbani taratibu, samawati kuanzia masikioni hadi kwenye kucha.

Mama yake alimfuta kwa kitambaa chenye maji. Alifuta sikio moja, akapumzika, akafuta la pili.

"Wametaka nini tena?"

"Zambarau, mama."

"Na ukuta wetu?"

"Sina nguvu ya kukanyaga udongo, mama. Miguu yangu inatetemeka."

Mama mzee akakohoa, kisha akatabasamu. "Ingekuwa vizuri Bi Kiboko aje atukanyagie. Yule ana miguu, jamani! Akikanyaga mara moja tu, tumepata ukuta mzima."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka, kisichofika mbali. Kisha Pimbi akaacha kucheka. Akamtazama mama yake. Akalala na neno hilo kichwani.

Asubuhi akaenda mtoni. "Bibie, umesikia habari za zambarau?"

"Nimesikia! Mbona umekuja mikono mitupu? Rangi iko wapi?"

"Ah, bibie, zambarau si rangi ya mchezo. Ina kiburi. Ukiipaka moja kwa moja kwenye ukuta wa mtu mkubwa, inageuka kijivu kama majivu ya jikoni, na wageni wakija watacheka. Lazima ijaribiwe kwanza kwenye ukuta mpya. Na udongo wa ukuta huo ukanyagwe na mwenye nyumba mwenyewe, ili rangi ijue uzito wake."

"Uzito ninao!" alisema Bi Kiboko kwa fahari. "Tujenge hapa hapa."

"Hapa panafaa. Ila Bwana Kifaru hupita hapa kwenda kunywa maji, na yule kwa kuiga..."

"Hapana! Asione! Tafuta mahali pengine!"

Pimbi akakuna kichwa. "Sijui pawe wapi, bibie. Pawe mahali ambapo mtu mwenye heshima zake hapiti."

Bi Kiboko akafikiri. Ukiona kiboko anafikiri, subiri. Mwisho akasema, "Kwako je?"

"Kwangu, bibie? Kwangu ni aibu tupu!"

"Ndiyo maana panafaa!"

Akaja na udongo wa mtoni mgongoni, mlima mzima. Akaja na miti na fito kinywani. Akaumwaga udongo nyuma ya kibanda, akaanza kukanyaga. Pwata! Pwata! Pwata! Jasho likamtoka, akapuliza, akakanyaga.

"Ukuta wa kujaribia uwe na urefu gani?"

"Uishie pale kuta zangu zinapoishia, bibie, usije ukaonekana kwa mbali."

"Una akili, we Pimbi!"

Ndani, mama mzee aliinua kichwa. "Mwanangu, huyo mgeni tumkaribishe uji?"

"Mwache, mama. Anajaribu rangi."

Pimbi alisimamisha miti, akafunga fito, na Bi Kiboko akakandika kwa pua yake pana, akilainisha huku na huku, mpaka kiambaza kikasimama imara, hakuna mfano wake katika miamba yote. "Sasa kikauke kwanza," alisema Pimbi, "ndipo rangi." Bi Kiboko akaenda mtoni kujilaza, hoi.

Pimbi hakupumzika. Akakimbia mbugani.

"Bwana mkubwa, zambarau hii ina hila. Jua likiigusa, inapauka. Mapazia yako ya zambarau hayawezi kuchovywa hadharani. Lazima yachovywe na kukaushwa chini ya paa la nyasi mbichi, zilizokatwa na mwenye mapazia mwenyewe."

"Zipo nyasi tele hapa kwangu."

"Zipo, bwana. Na Bi Kiboko yupo palepale mtoni, macho juu ya maji."

"Alaa!" Kifaru akakunja masikio. "Basi tufanyie kwako. Yule mwanamke hajui hata njia ya kwako."

Akafyeka nyasi kwa pembe, fyu! fyu! Akafunga matita, akayabeba hadi miambani. Kibanda kilikuwa kifupi, hivyo kidevu chake kilifika juu bila shida. Akapanga matita juu ya paa, akayakandamiza kwa kidevu, na Pimbi akapita juu akikaza kamba. Tundu zote zikazibika.

"Na huu ukuta mbichi ni wa nini?" aliuliza Kifaru akihema.

"Ukuta wangu wa nyuma, bwana. Ulianguka mwaka jana."

"Mh!" Hakuuliza zaidi. Habari za kuta za wadogo hazikumhusu.

Lakini watoto, nchi yenye kasuku haina siri. Kasuku alipita juu, akaona, na mdomo wake ukashindwa kutulia.

"Kwaa! Bwana Kifaru ameezeka kwa Pimbi! Kwaa! Bi Kiboko amekandika kwa Pimbi! Huo mtindo ni wa wapi? Mbona mimi siujui?"

Ti! Ti! Ti! kutoka mtoni. Ti! Ti! Ti! kutoka mbugani. Wakakutana mlangoni kwa Pimbi, pua kwa pua.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Na wewe?"

"Nimekuja kuona ukuta wangu!"

"Nami nimekuja kuona paa langu!"

Wakatazamana. Wakatazama kibanda: ukuta mpya, paa jipya, na jamvi kuukuu limetupwa kando. Polepole sana, wakaelewa.

"Ametuchezea!" Bi Kiboko alinguruma.

Pimbi akatoka. Alikuwa amechoka hata kuogopa kulimshinda.

"Ni kweli," akasema. "Macho yenu yalipokataa kuona shida yangu, niliutumia wivu wenu. Udongo ni wa Bi Kiboko, na miguu iliyoukanyaga ni yake. Nyasi ni za Bwana Kifaru, na kidevu ni chake. Sikuiba hata ufito. Kila mmoja achukue chake aende."

"Nachukua!" Bi Kiboko akaweka bega ukutani.

"Wee! Usiguse!" Kifaru akaruka. "Ukiangusha ukuta, paa langu litaanguka!"

"Basi ondoa hilo paa lako!"

"Naliondoa!"

"Ebo! Ukiliondoa na mvua hii inayokuja, udongo wangu utayeyuka! Thubutu!"

"Thubutu wewe!"

Bi Kiboko akasimama upande wa ukuta, asije Kifaru akagusa paa. Kifaru akasimama upande wa mlango, asije Kiboko akagusa ukuta. Mvua ikaanza, ta, ta, ta, kisha chwaaa! Ikawanyeshea migongo, ikawanyeshea pua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka, maana kuondoka ni kumwachia mwenzake. Kasuku alitafuta pa kujificha, hakupata, akaruka kurudi mijini, mabawa yakiwa mazito kwa maji.

"Pimbi!" Bi Kiboko aliita katikati ya mvua. "Na zambarau yangu utapaka lini?"

"Ukuta ukikauka, bibie."

"Utakauka lini?"

"Masika yakiisha."

Pimbi akaingia ndani. Palikuwa pakavu. Mama yake alikuwa amekaa karibu na moto, na kifua chake kilikuwa kimetulia. Pimbi akajilaza ubavuni mwake. Akautazama ule ukuta mpya, udongo mtupu, wa rangi ya udongo, na akaona hajawahi kuona ukuta uliompumzisha macho namna ile.

"Fundi!" Kifaru akaita nje. "Fundi weee!"

Mama mzee akachungulia mlangoni, akatia kidole mdomoni.

"Shh! Fundi amelala."

Hadithi yangu imelala hapo, nanyi msiiamshe, na funzo lake ni hili: fahari inayomfanya mkubwa asione uchovu wa mdogo, ndiyo hiyohiyo itakayomfanya asione anapotumikishwa.