Tangi Lililoshika Barafu

Hapo zamani, si ile ya mababu bali hii ya juzijuzi, palikuwa na kiwanda cha oksijeni huko nyanda za juu. Oksijeni ilihifadhiwa ikiwa majimaji, baridi kuliko barafu. Ilipita kwenye hita, ikageuka hewa, ndipo ikaingia kwenye tangi la chuma cha kawaida na kwenda hospitali ya jirani.

Palikuwa na valvu ya kujifunga yenyewe hita ikizimika, ili majimaji yasifike kwenye tangi. Ikaharibika. Ambakisye, msimamizi, akaahirisha matengenezo.

"Tukifunga kiwanda, wagonjwa watavuta nini?" alisema. Mama yake alikuwa mmoja wa wagonjwa hao.

Asubuhi moja hita ikazimika, majimaji yakaingia kwenye tangi. Barafu ikatanda juu ya tangi. Fundi Lutengano akainua nyundo aibandue. Tusajigwe, mwendesha mitambo, akamdaka mkono.

"Acha, kaka! Chuma kikipoa hivi hakipindi. Kinapasuka kama chungu!"

Akapiga king'ora. Watu wakakimbia. Lutengano akarudi peke yake, akaifunga njia ya majimaji kwa mikono mitupu. Baridi ikamla vidole, hospitali wakavikata.

Simu kutoka hospitali ikalia: "Fungueni oksijeni! Mitungi ya akiba inaisha!"

"Bosi, tulimwagie tangi maji ya moto?" wafanyakazi wakauliza.

"Litapasuka," Ambakisye akasema. "Liacheni lipate joto polepole. Hafungui mtu."

"Na mama?" Tusajigwe akauliza kwa sauti ya chini.

Ambakisye akakata simu. Kisha akasema, "Hata kwa ajili ya mama."

Tangi lilipona. Wafanyakazi wote walirudi kwao wazima, isipokuwa Lutengano. Lakini mitungi ya mwisho daktari aliwapa watoto wachanga, na mama yake Ambakisye akakata roho kabla ya jioni.

Hospitali ilipojenga wodi mpya, ikawaomba wafanyakazi wachague jina moja la kuandika mlangoni.

Tusajigwe akasema, "Nisingeona mimi, nyundo ingetuua sote."

Lutengano akauinua mkono wake. "Kuona kwako kuliwakimbiza watu tu. Aliyefunga ni mimi."

Ambakisye akasema, "Mimi sitaki. Andikeni jina la mama yangu. Yeye ndiye aliyelipa."

"Alilipa deni lako, bosi," Tusajigwe akajibu. "Valvu uliiacha wewe."

"Niliiacha ili wapumue."

Mchora maandishi angali pale mlangoni, brashi mkononi, anasubiri.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: je, nani alistahili jina lake liandikwe?