Risasi Sita za Fisi

Jamani, masikio yapo?
*Yapo, yako wazi!*
Na midomo?
*Tumeifunga!*
Basi ishikeni hivyo hivyo, maana mkicheka mapema mtaniharibia.

Hapo kale Pimbi aliishi kwenye majabali, juu ya bonde lenye matope. Bondeni aliishi Mama Nguruwe-mwitu na watoto wake saba. Mama huyu alikuwa mkali kama pilipili, lakini kwa Pimbi alikuwa jirani mwema. Kila alipofukua viazi vikuu, alimwachia vipande.

Asubuhi moja Pimbi akasikia kwata, kwata, kwata. Akachungulia. Lo! Fisi huyo anapanda, bunduki begani! Wawindaji walihama kambi wakaisahau, naye akaiokota pamoja na risasi sita.

"We Pimbi! Nguruwe wanalala wapi?"

Pimbi akapiga hesabu. Akisema, jirani kwisha. Asiposema, ataliwa yeye.

"Shikamoo, Mjomba Fisi," akasema, apate muda wa kufikiri. "Una risasi ngapi?"

"Sita."

"Na nguruwe wako wanane. Wale wawili unamwachia Chui?"

Fisi akakunja uso. Kumwachia mtu nyama! Wazo tu lilimuuma tumbo.

"Sasa nifanyeje?"

"Tafuta risasi ya kupita nguruwe wawili kwa mpigo. Hizo zako ni aina tatu, mbili mbili. Nazijua sana." Kumbe ndiyo kwanza anaziona kiganjani mwa Fisi; tangu azaliwe Pimbi hakuwahi kuona risasi. "Tuzipime kwanza."

Chini ya majabali palikuwa na shamba lililoachwa, limejaa maboga. Wakayapanga mbele ya kichuguu, boga nyuma ya boga.

Wakaanza na ile yenye pua laini. Fisi akalenga, Pimbi akaziba masikio, bunduki ikasema: PAAA! Boga la mbele likatapakaa. La nyuma halikuguswa.

"Imechanua kama ua, ikaishia njiani," akasema Pimbi. "Lete ya pili."

Ya pili ilikuwa na ncha kali. Fisi akalenga, Pimbi akaziba masikio, bunduki ikasema: PAAA! Maboga yote mawili yakatoboka vitundu kama vya sindano.

"Nguruwe atajikuna, aende zake," akasema Pimbi. "Lete ya tatu."

Ya tatu ilikuwa ya shaba. Fisi akalenga, Pimbi akaziba masikio, bunduki ikasema: PAAA! Maboga yote mawili, pwaa!

"Ndiyo hii!" Fisi akaruka. "Twende!"

Zilibaki tatu.

"Taratibu, Mjomba. Mama Nguruwe si boga. Matope yamemkaukia begani kama ukuta. Jaribu kichuguu."

Fisi akajaribu kichuguu. PAAA! Ile laini ikanata juu juu. PAAA! Ile kali ikazama, isionekane tena. Ikabaki moja, ya shaba, na Fisi akaifumbata.

"Hii siipigi. Hii naiweka."

"Iweke," akasema Pimbi. "Lakini ikikataa mbele ya Mama Nguruwe, na yale meno yake? Si afadhali ikatae hapa, wewe uko salama?"

Fisi akayafikiria yale meno. Akalenga.

PAAA! Kichuguu kikatoboka tundu la kupitisha mkono, vumbi likaruka ng'ambo!

"Hiyo ndiyo, Mjomba! Hiyo ndiyo!"

"Hiyo ndiyo!" Fisi akacheza, akazunguka, akacheza tena. Kisha akasimama. "Iko wapi?"

"Imepita kule."

Kumbe vishindo sita vilikwisha kumwamsha mwenye bonde. Vichaka vikafanya kracha-kracha, Mama Nguruwe akatokeza, matope mpaka puani.

"Nani anawatisha wanangu?"

Fisi akainua bunduki. Kach. Akavuta tena. Kach. Akaitupa, akatimua mbio, na Mama Nguruwe nyuma yake, akimsukuma makalioni kwa meno, uwiii! uwiii! mpaka mlima wa tatu.

Pimbi akakaa kitako kando ya kichuguu. Wale watoto saba wakaja wakinusa, wakala naye maboga yaliyopasuka tayari.

Hadithi imefika kwao, nami naenda kwangu.
*Nenda salama, lakini mafunzo yake?*
Ni haya: mwenye silaha asiende porini kabla hajapima risasi zake. Azipime vizuri. Azipime zote.