Jina Moja kwenye Taruma la Chuma

Sogeeni karibu. Aliyekuja kupunga upepo akapungie nje, na aliyekuja kucheka acheke sasa amalize, maana hadithi hii naisimulia nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha. Mwishoni nitauliza swali. Atakayenijibu "sijui" ataniona mbaya.

Stesheni ya Itundwe ilikuwa na watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Nyamizi, mke wa Mihayo mkaguzi wa njia. Kipawa chake kilikuwa masikio. Ukigonga mlango wake mara moja tu, alijua ni nani na umekuja na shida gani.

Wa pili ni Ndalahwa, mhunzi wa karakana. Kipawa chake kilikuwa mikono. Ukimpelekea bati lililong'olewa na upepo, kesho yake unarudishiwa beseni, na halivuji.

Wa tatu ni Mwinchande, fundi viatu, Mzaramo aliyeshuka kwenye treni kununua karanga ikamwacha, akakaa miaka thelathini. Kipawa chake kilikuwa kujua kitu kitachanikia wapi. Ukipita mbele yake hakutazami usoni, anatazama miguu. "Wiki mbili," anasema, "upande wa kidole gumba." Na wiki mbili haziishi.

Sasa mnajua reli hulazwa juu ya mataruma, yale magogo yaliyopangwa kama ngazi chini yake. Ya Itundwe yalikuwa ya mbao, na Itundwe ni nchi ya mchwa. Mchwa wa kule hana haraka. Anaingia kwa chini, anakula ndani, anakuachia ganda zuri la juu ulitazame na kuridhika. Misumari inabaki imeshika udongo.

Kazi ya Mihayo ilikuwa kutembea njiani na nyundo. Anagonga taruma, na likilia kama mtungi mtupu analichora msalaba wa chaki. Genge la vibarua wa reli likija nyuma yake na kuona msalaba, linang'oa na kuweka jipya. Ndivyo kazi ilivyokuwa: mmoja anachora, wengine wanang'oa. Wiki moja, kwenye kona ya Mbugani, Mihayo alichora misalaba arobaini na miwili.

Mkuu wa Njia, bosi wa Mihayo, akaja juu.

"Mihayo, unanitafutia nini? Jumatatu wakubwa wanapita hapa. Wakiona misalaba yote hii wataniuliza mbao zao zimekwenda wapi."

"Zimeliwa, bwana mkubwa."

"Zimepakwa lami! Mchwa hali lami."

"Basi mwambie wewe," Mihayo akasema, "maana mimi hanisikilizi."

Mkuu akamwita mtu mmoja wa genge, akampa ndoo na tambara, akamwambia afute. Yule mtu akafuta. Hakuuliza, hakugoma, alifuta misalaba yote arobaini na miwili na akasuuza tambara. Jumatatu wakubwa wakapita polepole, wakapunga mikono. Jumatano treni ya mizigo ikapita kwa uzito wake wote, ikaacha reli zimetanuka, na kiberenge cha Mihayo, kile kigari cha kukagulia njia, kilichofuata nyuma kikatumbukia katikati na kumlalia.

Mkuu akafungua kitabu cha ajali akaandika kwa wino mweusi: "Chanzo ni mkaguzi mwenyewe. Hakukagua. Hakuna alama ya chaki iliyokutwa."

Hakuna alama iliyokutwa! Mnanielewa kwa nini sauti yangu inapanda? Mtu aliuawa na ganda la mbao, kisha akauawa tena kwa kalamu. Watoto wake wakaanza kuitwa shuleni watoto wa mzembe.

Siku ya mazishi Mwinchande alifanya jambo ambalo ni mtani peke yake angeweza kulifanya. Mihayo alikuwa Mnyamwezi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani. Mtani ana ruhusa msibani, na hagombezwi. Basi watu wakiwa wamekaa, Mkuu wa Njia kakaa mbele na kofia mapajani, Mwinchande akaingia anaburuta taruma kwa kamba. Akalifikisha miguuni kwa Mkuu.

"Jamani, mmekosea maiti!" akasema. "Mnayemzika bado mbichi. Aliyeoza siku nyingi ni huyu, mbona yeye hamumziki?"

Akalipiga teke. Likafunguka kama mkate, mchwa wakamwagika kwenye viatu vya Mkuu. Watu wakacheka, kama inavyotakiwa kwa mtani, halafu wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Mkuu alikung'uta viatu.

Nyamizi alipotoka eda hakulia tena. Alichukua nyundo ya mumewe akaingia njiani. Wakamwambia mwanamke hakagui reli. Akasema hakagui reli, anatembea. Akagonga taruma moja moja kwa miezi mitatu, kutoka daraja hadi daraja. Karibu yote yalilia utupu, yenye lami na yasiyo na lami, mapya na ya zamani. Siku moja akagonga, na sikio likasikia kitu kingine, sauti kavu, imara. Akafukua kokoto. Kumbe zamani genge fulani liliishiwa mbao, likasukumia kipande cha chuma chakavu chini ya reli na kukisahau. Kilikuwa na kutu kidogo juu. Mchwa walikizunguka wakaenda zao.

Akaenda karakana. "Shemeji Ndalahwa," akasema, "nitengenezee taruma la chuma."

"La chuma?" Ndalahwa akacheka. "Halijawahi kuonekana hapa."

"Hata mjane wa mzembe hakuwahi kuonekana hapa. Sasa yupo. Washa moto."

Ndalahwa akawasha. Alianza na bamba nene, bapa, akalilaza kwenye kona. Treni ya kwanza ilipopita likateleza juu ya kokoto kama sabuni sakafuni. Akalirudisha. Akalikunja pande mbili likawa kama hori la ng'ombe lililopinduliwa, kokoto zikashindiliwa ndani yake. Likashika kidogo, kisha likaanza kukimbia kwa pembeni. Akalirudisha tena. Akazikunja na zile ncha mbili zikaingia chini, zikauma ardhi kama kucha. Katika kuzikunja, kipande cha chuma kiliruka kikampiga jicho la kushoto. Hakuwahi kuona nalo tena. Alifungwa kitambaa, na siku ya nne akarudi kumalizia. Taruma lile halikusogea hata upana wa kidole.

Lakini likapasuka. La kwanza, la pili, la kumi, yote yalipasuka mahali pamoja, kwenye matundu ya kufungia reli. Ndalahwa akatupa nyundo akatukana ukoo wake mwenyewe. Walikuwa wamekaa juu ya taruma lililopasuka, yeye na Nyamizi, wakati Mwinchande alipopita na mkoba wake wa sindano.

"Nani kakata matundu haya?" akauliza.

"Mimi, mtani, na leo sitaki utani."

"Mbona ya mraba? Mtani wangu, wewe hata kiatu hujawahi kushona! Tundu lenye pembe ni mlango wa kuchanikia. Ngozi inaanzia kwenye pembe, na hata chuma chako kimeanzia hapo, tazama. Toboa la duara. Na usilitoboe ukingoni, lisogeze ndani vidole vitatu."

"Chuma si ngozi."

"Kinachochanika hakijali kinaitwaje."

Wakatoboa la duara, vidole vitatu ndani. Wakayalaza mataruma arobaini na mawili kwenye kona ya Mbugani, idadi ileile. Ikapita masika moja, ikapita ya pili, zikapita treni za mizigo zisizo na hesabu. Hakuna lililosogea, hakuna lililopasuka, na mchwa wa Itundwe walikufa njaa.

Habari zikafika makao makuu. Ikaja barua: njia nzima, mwisho hadi mwisho, itawekewa mataruma ya chuma ya Itundwe. Na kwa desturi ya njia ile, kila taruma litagongwa jina la aliyelibuni, katikati ya matundu mawili. Jina moja. Sampuli yenye jina ipande treni ya Ijumaa saa sita mchana kwenda kiwandani.

"Tuandike yote matatu," Nyamizi akasema.

Mwinchande akapima kwa vidole, akatikisa kichwa. Alikuwa mwaminifu, Mungu amrehemu. "Majina matatu herufi zitafika kwenye matundu. Kila herufi inakula chuma. Litapasuka, na mtu mwingine atakufa. Ni jina moja tu."

Ijumaa asubuhi wakakaa jukwaani na lile taruma katikati yao na kipande cha chaki juu yake. Jina litakaloandikwa kwa chaki, Ndalahwa ataligonga kwa patasi. Mkuu wa Njia akatoka ofisini na saa mkononi.

"Msipoelewana mpaka treni ifike," akasema, "litaandikwa langu. Karakana ni yangu, moto wangu, chuma changu."

Mshenzi yule. Samahani, kuna watoto. Mshenzi yule.

Nyamizi akasema: "Mimi sitaki jina langu. Andikeni Mihayo. Nyundo ilikuwa yake, kugonga alinifundisha yeye. Kitabuni wameandika kwamba hakukagua. Nataka kila atakayetembea kwenye njia hii ainame asome Mihayo, hatua kwa hatua, mpaka achoke."

Ndalahwa akasema: "Shemeji, Mihayo alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu. Lakini hakulikunja taruma hili. Mimi nimelikunja. Ukoo wangu umefua majembe ya nchi hii nzima na hakuna jembe hata moja lenye jina letu. Nimetoa jicho, shemeji. Hili lililobaki linataka kusoma jina langu kabla nalo halijafumba."

Mwinchande akasema: "Bila mimi mngekuwa na vyuma vilivyopasuka na jicho moja. Ninyi mna watoto. Mihayo ana watoto. Mimi nikifa nani ataniita? Jina langu liko kwenye soli, na soli zinaisha."

"Wewe umesema sentensi mbili tu, mtani!" Ndalahwa akafoka. "Sentensi mbili, unataka njia nzima?"

"Na wewe kwa miezi sita ulishindwa kuzisema hizo mbili!"

"Nyamazeni!" Nyamizi akapaza sauti. "Mnagombania chuma. Mimi nagombania mume."

Kwa mbali honi ya treni ikasikika. Kila mmoja alikuwa anaitazama chaki, na hakuna aliyeinyanyua, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake hajasema uongo. Mkuu wa Njia alikuwa anavuta hatua, anakuja huku anatabasamu.

Hapo nasimama.

Najua mtu atainuka aseme, kwani yule aliyefuta misalaba hakuwepo? Si angesema tu kwamba alama zilikuwepo? Kitabu kingesahihishwa, Mihayo angesafishwa, Nyamizi asingehitaji taruma, na wangebaki wawili wa kugawana ugomvi.

Alikuwepo. Alisimama jukwaani palepale, ameshika bendera ya kijani kwa ajili ya treni. Alikuwa na kazi, na nyumba ya kambi, na woga. Alifungua mdomo mara mbili akaufunga. Mkono uliofuta ni huu hapa, utazameni vizuri. Nimeunawa miaka ishirini na mitatu.

Mlidhani nina hasira na Mkuu wa Njia peke yake?

Kwa hiyo msinitake mimi niamue. Haki hiyo niliisuuza kwenye ndoo. Walichoandika siku ile sitawaambia mpaka nisikie kwenu. Na msiniletee jibu la uvivu, kwamba wote watatu, maana mmesikia litapasuka. Msiseme mtafikiri kesho, maana kesho ni jina la Mkuu wa Njia. Treni imeshaonekana kwenye kona ya Mbugani, inakuja juu ya vyuma vyao na haiyumbi.

Wewe uliyekaa mbele, nyoosha mkono. Chaki hii hapa. Mume aliyesingiziwa, mhunzi wa jicho moja, au fundi viatu asiye na wa kumwita: utaandika jina la nani?